Saruji Naiuza, Nyumba ya Mawe Usiipake

Nina duka la vifaa vya ujenzi Darajani. Nauza saruji, nondo, misumari, mabati, mabomba na rangi. Saruji ndiyo inayonilisha, na sina nia ya kuacha kuiuza. Lakini kila mwaka masika yakikatika, huja mteja ambaye ningependa atoke dukani kwangu mikono mitupu. Ni mkaazi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, mara nyingi mama mtu mzima au kijana aliyetumwa na wazee wake, na maneno yake ni yale yale: ukuta wa chini unabanduka, unatoa chumvi, rangi haikai, nipe mifuko mitatu tuupige lipu nzito, tumalize.

Haumaliziki. Nyumba zetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo mwekundu, mchanga na chokaa. Jiwe la matumbawe lina matundu; linakunywa maji na linayatoa, na chokaa nayo ni hivyo hivyo. Mji wenyewe umekaa juu ya rasi, bahari imeuzunguka, chini kuna unyevu wenye chumvi unaopanda ukutani mchana na usiku. Ukuta wa chokaa huutoa nje ukakaushwa na upepo. Ukiuziba kwa saruji, unyevu hauendi popote. Hupanda juu zaidi, ukapita pale lipu ilipoishia, na chumvi inayobaki nyuma ya lipu hulila jiwe polepole. Baada ya misimu kadhaa lipu huanguka kipande kizima, na uso wa ukuta umeondoka nayo.

Mwaka jana nilimfuata mteja wangu mmoja mpaka nyumbani kwake, Kiponda, si mbali na ninapokaa. Alikuwa anataka kurudia lipu ya sebule. Nikagonga ukuta kwa ufunguo wa duka, kutoka mlangoni hadi dirishani. Pengine ulilia mzito, pengine ulilia mtupu kama debe.

"Bi mkubwa, hii lipu alipiga nani?"

"Marehemu baba watoto, mwanangu. Alitaka ukuta uwe madhubuti."

Palikuwa na ufa usawa wa kiuno. Nikaingiza vidole, kipande kikatoka bila ubishi, kigumu, cha kijivu, kimenyooka vizuri. Marehemu alikuwa hodari. Nyuma yake jiwe lilikuwa limelowa, na nilipolikwangua kwa ukucha likatoka unga. Lakini juu kidogo, pale saruji haikufika, palikuwa na chokaa ya zamani, ndani yake unaona vijiwe vyeupe na chembe za mkaa wa tanuri. Hiyo ilikuwa imeshika. Nilijaribu kuitoa kwa ule ufunguo, ikanikatalia.

Sikumuuzia saruji. Nilimwambia aibandue ile lipu yote, auache ukuta wazi ukauke msimu mzima wa kaskazi, kisha apige chokaa kwa tabaka nyembamba. Akaniuliza swali ambalo kila muuza saruji anastahili kuulizwa: "Sasa wewe hiyo chokaa unayo?" Ninayo ya kupaka, kwenye mifuko. Ya kujengea nilimwelekeza kwa fundi mmoja muashi, mzee ambaye mtaani tunamwita Babu, aliye na shimo lake la chokaa nje ya mji.

Shimo hilo nenda ukalione hata kama huna nyumba ya kutengeneza. Matumbawe yanapangwa juu ya rundo la magogo, yanachomwa, yanapoa, kisha yanamwagiwa maji. Yakipata maji yanachemka yenyewe, yanafuka na kupasuka mpaka yawe uji mweupe. Uji ule unaachwa shimoni ukiwa na maji, wiki baada ya wiki, na Babu ukimharakisha anakuuliza kama nyumba yenyewe ilijengwa kwa wiki moja. Chokaa hukauka kwa hewa, taratibu, na huendelea kukomaa miaka ukutani. Wazee wanasimulia kuwa Mambo Msiige kule Shangani chokaa yake ilichanganywa na mayai. Mayai siyajui, lakini anayesimulia hivyo amekwisha kuelewa kuwa chokaa ni kitu cha kupikwa, na mpishi mwenye haraka huiharibu.

Haya yote ni ukuta wa chini, na ukuta wa chini ndio unaoonekana, ndiyo maana watu wanaukimbilia. Nyumba ya mawe hufa kuanzia juu.

Tazama nyumba hizi zilivyo. Boriti za mikoko zimelazwa ukuta hadi ukuta, na kwa kuwa boriti ya mkoko ina urefu wake, vyumba vyetu vikawa virefu na vyembamba. Juu ya boriti kuna mawe, juu ya mawe sakafu ya chokaa iliyopigwa kwa magongo huku watu wakiimba. Zamani mapaa mengi yalikuwa bapa, ya sakafu hiyo hiyo. Baadaye yakafunikwa kwa mabati, na mabati yakaleta milizamu. Mlizamu ukiziba, maji hurudi nyuma, yanaingia juu ya ukuta, yanateremka ndani kwa ndani na kuulainisha ule udongo na chokaa. Yakifika kwenye kichwa cha boriti, yaani ile sehemu iliyozama ukutani, yanatulia hapo. Boriti huoza mahali ambapo jicho halifiki. Katikati ya chumba unaiona nzima, imepakwa rangi, na wewe umelala chini yake.

Dalili zipo, ukijua kuzisoma. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri unaanza kugoma. Unga wa mti unaanguka juu ya shuka. Sakafu inazama kidogo pembeni, kabati linainama. Nje, kwenye ufa wa ukuta, kumechipua mti wa jamii ya mtini, majani mawili matatu ya kupendeza, mbegu yake imeletwa na ndege. Ung'oe siku hiyo hiyo. Mizizi yake itakapokuwa na unene wa kidole gumba, kuung'oa ni kubomoa ukuta.

Na tangi la maji. Naam, matangi pia nauza. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani moja ya maji. Ukiliweka katikati ya chumba cha juu, juu ya boriti zilizokwisha kunywa mvua za miaka, umewaweka jamaa zako chini ya mzigo ambao nyumba haikuandaliwa kuubeba. Liweke chini, nunua pampu ndogo na tangi dogo la juu, tena lipangwe usawa wa ukuta mnene. Mteja akinisikiliza, mauzo yangu hayapungui. Pampu nauza pia.

Tatizo la paa si ufundi. Nyumba ninayokaa ina familia tano na paa moja. Wa chini wanasema paa si lao, mvua haiwafikii. Wa juu wanasema mlizamu ni wa mwenye nyumba. Mwenye nyumba anasema kodi mnayolipa hata ndoo ya chokaa hainunui, na kusema kweli hilo hakosei. Basi kunguru ndiye aliyekuwa na mamlaka kamili juu ya paa letu. Kunguru wa mjini hajengi kwa vijiti peke yake. Anaokota nyaya, waya wa kufungia nondo, vipande vya nailoni, na kiota chake kikianguka kwenye mlizamu hakisombwi na mvua yoyote. Tulipopanda tulivitoa viota gunia zima, pamoja na viatu vya watoto na sahani.

Kilichotutoa kwenye mabishano ni bi mmoja wa ghorofa ya chini, ambaye mchezo wa fedha wa nusu ya mtaa anauweka yeye. Alisema: mnanipa fedha za mchezo kila mwezi na hamnidai risiti, basi nipeni na za paa. Kila familia inatoa kidogo. Kabla ya masika na kabla ya vuli vijana wanapanda, wanasafisha milizamu, wanapigilia bati lililolegea, wanaziba tundu la msumari kwa lami. Gharama yake haifiki bei ya mifuko mitatu ya saruji niliyokuwa nikiwauzia majirani hao hao. Siku ya kwanza vijana walikataa kupanda, wakisema watavunja mabati kwa uzito. Akapanda mwanawe bi huyo, mwembamba, na walipoona amerudi mzima wakamfuata wote.

Hatukuunda jumuiya, wala kuandika katiba au kumualika mgeni rasmi. Nalitaja hilo kwa makusudi, kwa sababu kwetu neno kuhifadhi likitajwa watu huanza kutafuta mfadhili na bango.

Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ipo tangu mwaka 1985. Majengo ni karibu 1,700. Hata ukiipa Mamlaka fedha na watumishi mara kumi ya walionao, hakuna ofisi duniani yenye macho ya kupanda mapaa 1,700 kila kabla ya mvua. Wenye macho hayo ni wanaolala chini ya mapaa.

Tunapenda kuihuzunikia Beit al Ajaib, lile jumba la kisultani la Forodhani, na ina haki ya kuhuzunikiwa. Sayyid Barghash aliijenga mwaka 1883. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zilipiga mizinga pwani ile, kasri ya jirani ikateketea, Beit al Ajaib ikabaki imesimama. Tarehe 25 Disemba 2020, wakati wa amani, ikiwa katika ukarabati, sehemu kubwa ya jengo ikaporomoka na mafundi wawili wakapoteza maisha. Siku ile mji wote ulikuwa Forodhani. Nami nilifunga duka nikaenda. Lakini nyumba za vichochoroni zinamegeka bila kamera, ukuta leo, ngazi kesho, na watu wanahama mmoja mmoja. Nyumba ikishahamwa na watu, paa lake halina wa kulisafisha, na mvua mbili tatu zinatosha.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo mafundi hawawezi kulitengeneza. Nyumba hizi ni za nani? Nyengine ni za Serikali, zilizotaifishwa baada ya Mapinduzi ya 1964 na kupangishwa. Nyengine ni za wakfu. Nyengine ni za watu binafsi, na nyingi kati ya hizo ni mirathi isiyogawiwa: warithi wamo Unguja, wamo Dar es Salaam, wamo Muscat, Dubai na London, na kila mmoja ana fungu dogo kiasi kwamba hakuna anayeona faida ya kununua hata bati. Mpangaji naye anafikiri sawa sawa kabisa: nikiitengeneza ikapendeza, nitaambiwa nihame. Basi wote wawili wanaingojea ianguke, kila mmoja kwa sababu yake nzuri.

Mimi nasema njia ipo, na ni karatasi. Mpangaji anayetengeneza paa, mlizamu au ukuta kwa chokaa akatwe gharama hiyo katika kodi, kwa makubaliano ya maandishi yenye saini na risiti, na apewe uhakika wa kukaa kwa miaka kadhaa. Wenye nyumba binafsi wanaweza kufanya hivyo leo bila kungoja sheria. Taasisi zinazopangisha nyumba nyingi zingelifanya kuwa utaratibu wa kawaida, zingeokoa majengo mengi kuliko semina kumi. Na ruhusa ya ujenzi: kibali cha kugeuza nyumba kuwa hoteli kipitie kila dawati linalostahili, hilo sina ugomvi nalo. Lakini mtu anayetaka kubadilisha bati kwa bati na boriti kwa boriti apewe fomu ya ukurasa mmoja na jibu kabla mvua haijanyesha. Mnyonge akiona kibali ni kirefu, hutengeneza usiku, na anayetengeneza usiku hutumia saruji.

Watasema hoteli ndizo zinazouokoa Mji Mkongwe. Zimeokoa nyingi, sikatai. Kuna nyumba zilizokuwa magofu leo zina milango iliyong'arishwa na mafundi wana kazi. Ila hoteli inataka choo na bafu kila chumba. Nyumba iliyojengwa kuwa na sehemu moja mbili za maji inapitishiwa mabomba kuta zote, ghorofa zote, na bomba moja likivuja nyuma ya vigae hakuna anayejua mpaka boriti imeoza. Maji hayaulizi kama ni ya mvua au ya mgeni aliyelipa dola. Tena mtaa wenye hoteli tupu hauna bi wa ghorofa ya chini wa kushika fedha za paa.

Wenzetu wa Dar es Salaam wana shida yao, na inachekesha kidogo kama huishi nayo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalilinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863. La baadaye lazima litangazwe rasmi. Sultani Sayyid Majid alianza kuujenga mji ule katika miaka hiyo hiyo ya 1860, na Boma la Kale lililo karibu na bandari lilijengwa mwaka 1866 na 1867. Yaani jengo ambalo kila mtu analionesha kuwa ndilo kongwe jijini lilichelewa sheria kwa miaka mitatu. Sheria hiyo hiyo inaulinda mlango wa kuchongwa wa kabla ya mwaka 1940. Mlango una ulinzi ambao nyumba iliyoushika haina! Ndiyo maana nyumba za ghorofa mbili za Kariakoo na Kisutu, zile zenye roshani na mwaka wa kujengwa ulioandikwa juu kwenye paji, zinaondoka moja moja kupisha minara ya vioo. Mkaazi wa kule anayetaka kushika jambo ana pa kuanzia: Boma la Kale lenyewe sasa lina kituo cha urithi wa usanifu wa jiji, na maonesho yake yanafaa kuwapeleka watoto.

Kwa asiye na nyumba ya mawe wala hakai ndani yake, kazi zipo. Kama una simu yenye kamera, piga picha nyumba za mtaa wako nje na ndani, ukiruhusiwa, na uandike tarehe. Siku ukuta ukimegeka, fundi atakayeujenga upya atataka kujua dirisha lilikuwa wapi. Kama unafundisha ufundi skuli, mwite muashi wa chokaa aje na ndoo yake, kwa sababu vijana wengi wanaohitimu uashi wanakuja dukani kwangu wakijua kipimo cha zege na hawajawahi kushika chokaa iliyolowekwa. Babu ana mwanafunzi mmoja tu, naye ana pikipiki ya kubebea abiria inayomlipa zaidi. Mwenye kazi ya chokaa amlipe fundi kama anavyomlipa wa vigae, bila kulia bei. Chokaa yenyewe si ghali. Siku za fundi ndizo ghali, kwa kuwa tabaka moja linangojewa likauke kabla ya jengine.

Yule bi mkubwa wa Kiponda ukuta wake ulikaa wazi kaskazi yote, wageni wakija anawaambia wasiegemee. Sebule sasa ina chokaa. Si laini kama lipu ya marehemu, ina mawimbi ukiitazama kwa ubavu, na mwanawe hajaipenda. Chumvi imerudi kidogo sehemu moja karibu na sakafu, Babu akasema hiyo itakwanguliwa na kupakwa tena mwakani, na mwaka unaofuata, ndivyo ukuta wa chokaa unavyotunzwa.

Masika huanza Machi. Wapangaji, changisheni mapema na mpandishe kijana mwembamba juu ya paa kabla Februari haijaisha. Wenye nyumba, mlioko hapa na mlioko Muscat na London, mwandikieni mpangaji wenu mumkubalie kukata gharama ya milizamu katika kodi, na mtie saini. Nawe mteja wangu unayekuja kununua saruji kwa ukuta wa matumbawe, niulize kwanza. Nitakupa namba ya fundi wa chokaa, na hilo sitozi kitu.